Ng'ombe wa Lalago na Mashindano ya Nyamizi

Bariadi,
8 Machi 2020

Mwanangu Nyamizi,

Mwangaluka! Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetuamsha salama. Sisi huku hatujambo. Mvua ya mwaka huu imekuwa na ubishi, inanyesha hata pale tunapoomba ipumzike. Pamba ya baba yako kule Mwandoya upande wa bondeni imesimama ndani ya maji kama mpunga. Mama yako goti linamsumbua ila anatembea. Mimi bado niko na cherehani yangu kwenye baraza la duka la Yasmini. Leo kanisani kwaya yetu imeimba vibaya, sauti ya tatu imepotea kabisa, na sauti ya tatu ndiyo mimi na mama mchungaji. Tumecheka wenyewe.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Eti umechaguliwa! Nimepiga magoti palepale kwenye vitambaa vya watu. Mtoto wa kaka yangu kwenda Kampala kucheza raga, mashindano ya kufuzu, na bendera ya nchi kifuani! Nimemweleza Yasmini kwamba ni mchezo wa wanawake saba kwa saba, mpira wenye umbo la yai, na kwamba mnakimbia mbele lakini mpira mnaupasia nyuma. Akaniuliza, "Sasa mnafikaje?" Nieleze.

Sasa neno lenyewe, na ndiyo sababu sikupiga simu, maana hapa barazani simu yangu husikika mpaka stendi. Mzee Jilala wa Lalago alifika tena kwa baba yako kwa ajili ya posa ya mwanawe Bundala. Kijana mwenyewe simfichii sifa, ni mpole na hanywi. Lakini baba yako aliwajibu hivi: "Binti yangu yumo kwenye mashindano. Siwezi kumkata katikati. Yakiisha, njooni tuongee habari ya ng'ombe." Mzee Jilala akakubali.

Kwa hiyo cheza mwanangu, cheza vizuri. Ukirudi na jina, hata baba yako ataongea na wewe kama mtu mzima. Kabla ya hapo usiwe na wasiwasi, neno la baba yako ni ukuta. Unitumie na picha moja ya kuosha, ukiwa uwanjani.

Ni mimi shangazi yako,
Esteria


Arusha,
24 Machi 2020

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mko salama, na kwamba sauti ya tatu imepatikana. Mimi mzima wa mwili. Mama mpe pole ya goti, mwambie asichote maji mwenyewe.

Umeuliza tunafikaje. Shangazi, tunafika hivi: mwenye mpira anakimbia hadi azuiwe, halafu anampasia mwenzake aliye nyuma yake, na huyo naye anakimbia. Hakuna anayefika peke yake. Mimi kazi yangu kubwa ni kuangusha wa upande wa pili. Kocha Mwanne anasema nina mikono ya kukamata, nami nikamwambia nimelelewa Mwandoya, nimekamata ndama tangu sijaota meno ya ukubwani.

Shangazi, mashindano yamefutwa.

Ni huu ugonjwa wa corona. Michezo yote imesimamishwa, mipaka inafungwa, na waandaaji wameandika kwamba hakuna kufuzu mwaka huu. Hawakusema yameahirishwa. Kocha alituita uwanjani, akatukalisha mbalimbali kwenye nyasi, kila mtu na kivuli chake, akasoma ujumbe kwenye simu. Hakuna aliyelia. Tulikaa tu. Mwisho akasema, "Haya, nendeni nyumbani mkanawe mikono."

Hotelini pia wazungu wameondoka. Sisi wa chumba cha kufulia tumeambiwa tupumzike hadi tutakapoitwa. Usijali, nina pa kujishikiza.

Nakuomba jambo moja, shangazi, na nakuomba kwa magoti. Usimwambie baba. Yeye alisema yakiisha waje. Akisikia yamefutwa atasema yameisha, na ng'ombe wa Lalago wataingia zizini kabla sijafika hata Singida. Nina miaka ishirini na miwili na ndiyo kwanza nimejua kitu ninachokiweza kuliko watu wengine. Nisaidie kunyamaza.

Picha hiyo ndani. Niliye hewani ni mimi.

Mwanao,
Nyamizi


Bariadi,
19 Aprili 2020

Mwanangu Nyamizi,

Mwadila! Bwana amefufuka, Pasaka imepita. Tumeisali kila mtu na nafasi yake kwenye benchi, na mlangoni ndoo ya maji na sabuni. Siku hizi nashona barakoa za kitenge kuliko magauni. Watu wa Bariadi wana maneno, mmoja amekuja kutaka ya rangi ya kufanana na viatu.

Nimelia kwa ajili yako, sitakuficha. Halafu nikaomba, halafu nikakasirika, halafu nikaomba tena.

Kuhusu kunyamaza. Nyamizi, mimi kaka yangu sitamdanganya. Akiniuliza nitamwambia kweli, maana ulimi niliopokelea meza ya Bwana wiki iliyopita siwezi kuutumia kwa uongo wiki hii. Lakini hajaniuliza, nami sijapiga simu. Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama, mguu mmoja huku na mwingine kule, mpaka Alhamisi.

Alhamisi amekuja Mzee Jilala na jamaa yake Mboje, wamekuja mjini kununua dawa ya mifugo, wakasema wasalimie ukweni. Ukweni! Nikawapa viti. Nikawaza, Esteria, hapa hakuna uongo wa kusema, waonyeshe tu ukweli wenyewe uwafukuze. Nikatoa ile picha yako. Uko hewani, matope hadi masikioni, umemkumbatia yule mwanamke mkubwa kiunoni, naye anakwenda chini mdomo wazi. Nikasema moyoni, wakiona hivi watachukua kofia zao.

Mzee Jilala akaisogeza kwenye mwanga. Akauliza, "Huyu anayeanguka ni nani?"

"Ni mchezaji wa Moshi."

"Mzito?"

"Mzito kweli, mzee. Na huwa wanaumizana sana."

"Na huyu wetu amemwangusha peke yake?"

"Peke yake."

Akampa Mboje. Mboje akaangalia, akaguna. "Jilala, yule dume wako mwekundu anayemkimbiza Bundala hadi juu ya mti..."

"Ndiyo nawaza hilohilo," akasema Jilala. Akanigeukia, uso umemng'aa. "Mama, tulikuwa na neno letu la ng'ombe. Sasa nimeona kwa macho. Tutaongeza."

Yasmini ndani ya duka alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchele. Walipoondoka akaniambia, "Shoga yangu, umetaka kumfukuza fisi umemwonyesha paja la mbuzi!"

Basi ndivyo nilivyoharibu. Na kabla hawajaondoka Mboje akauliza mashindano ni lini. Nikasema yamefutwa. Nimeulizwa, nimejibu. Nisamehe mwanangu. Wanakwenda Mwandoya mwezi ujao, na mimi nitakuwa nimetangulia. Kweli nitaisema mimi, isifike kwa kaka yangu kutoka Lalago. Na nina neno jingine la kumwambia, ambalo sijawahi kulisema tangu niolewe.

Wewe omba. Na ule. Hukuniambia unakula nini.

Shangazi yako,
Esteria


Arusha,
31 Mei 2020

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimekuandikia barua mbili, sijui kama makondakta wamezifikisha. Simu yako inaita haipokelewi. Nilimpata Yasmini mara moja, akasema, "Shangazi yako amepumzika kidogo, atakutafuta," halafu akaanza kuniuliza hali ya hewa ya Arusha. Yasmini haulizi hali ya hewa, shangazi. Naomba uandike hata mstari mmoja.

Mimi nipo. Nimehamia kwa Kocha Mwanne. Asubuhi tunachoma chapati anazouza mlangoni, mimi nakanda unga. Kabla ya jua nakimbia peke yangu kuzunguka shamba la kahawa. Mwanzoni nilikuwa napasia mpira nyuma kwa mazoea, unaangukia barabarani, halafu narudi kuuokota. Sasa naubeba tu.

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku nyingine nakanda unga nawaza, labda Mungu ameshajibu. Labda kufutwa huku ndiyo sauti yake: Nyamizi, inatosha, rudi nyumbani, Bundala ni mpole. Wewe unamjua Mungu kuliko mimi. Anaongea hivyo?

Baba alipiga juzi. Akasema, "Huko kuna ugonjwa, rudi." Basi. Habari ya ng'ombe hakuitaja, habari ya mashindano hakuitaja. Angenifokea ningelala. Huo ukimya wake unaniogopesha kuliko ng'ombe wote wa Lalago.

Sijamjibu kama ninarudi. Nakusubiri wewe.

Nyamizi


Bariadi,
14 Juni 2020

Mwanangu,

Mwangaluka. Niko hai na ninakula. Usimlaumu Yasmini, mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Kifua kilinibana kidogo nikalala. Akina mama wa kanisani walinifukiza nyungu za majani, na Yasmini naye alikuwa amefunga Ramadhani mchana kutwa lakini uji wangu aliupika yeye. Ilikuwa nini? Hatukutaja jina, wala wewe usiulize. Nimepona, sifa kwa Mungu. Sauti ya tatu tu ndiyo haijarudi yote.

Sasa keti nikwambie ya Mwandoya. Nilikwenda kabla ya kuugua.

Niliwakuta tayari wamekaa uani, Mzee Jilala, Mboje, na wazee wawili wa kwetu. Walinitangulia kwa nusu siku, maana basi letu lilikwama matopeni. Kwa hiyo kaka yangu habari ya kufutwa aliisikia kwao, si kwangu. Alinitazama nilivyoingia, nikaona nimemuumiza. Nikakaa. Dada wa mwenye mji ana kiti chake kwenye shauri kama hili, hakuna aliyeniuliza.

Mzee Jilala alikuwa anasema, "Jambo lililofutwa ni jambo lililoisha. Na wewe Maduhu ulisema yakiisha tuje. Tumekuja."

Nikasema, "Mzee wangu, halijaisha, halijaanza hata."

"Mama Esteria, na lisipoanza milele?"

Baba yako akasema, "Dada, wewe uliyajua haya tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu, kaka."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Mtoto aliogopa, nami niliogopa pamoja naye."

Akainamisha kichwa. Nilijua akikiinua atasema ndiyo kwa Jilala, kwa hasira tu, na mwanaume wa kwetu akishasema ndiyo mbele ya wazee harudi nyuma. Basi nikasimama, Nyamizi. Nikasema lile neno.

Unajua kwetu mambo yalivyo, ng'ombe za dada ndizo humwoza kaka. Ng'ombe alizotoa marehemu Marcelo kwa ajili yangu ndizo hizohizo baba yako alizipeleka kumwoa mama yako. Sote tunalijua hilo na hakuna anayelitaja. Nikalitaja. Nikasema, "Maduhu, mji huu umesimama juu ya ng'ombe zangu. Sizidai. Marcelo alikuwa mume mwema na simlalamikii. Lakini siku wale ng'ombe wanaingia zizini mimi nilikuwa darasani, darasa la sita, tunasoma habari za mito. Niliitwa mlangoni. Hakuna aliyeniuliza. Sijawahi kukuomba kitu kwa ajili ya ng'ombe wale. Leo naomba kimoja. Huyu aulizwe."

Nilisema na mengine ambayo sitayaandika.

Mama yako alikuwa mlangoni na ungo wake, akaacha kupepeta. Baba yako akanyanyuka, akaenda zizini, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi akamwambia Jilala, "Mzee, nimepata neno ndani ya mji wangu. Nendeni na ng'ombe wenu, nitawaita." Mzee Jilala si mtu mbaya, aliniaga kwa heshima. Lakini "nitawaita" si "hapana", mwanangu. Nakwambia ukweli usije ukashangilia mapema.

Umeniuliza kama Mungu anaongea kwa kufuta mashindano. Sijui. Ninachojua mimi, akitaka kuongea na wewe atakuita kwa jina lako, hatapitia kwa mafua ya dunia nzima. Mimi nilidhani ule mlango wa darasa ulikuwa sauti yake. Nimeishi kwa amani, amenibariki, lakini haikuwa sauti yake, ilikuwa sauti ya babu yako.

Sasa zamu ni yako. Mimi nimekusemea mpaka kifua kikakauka. Baba yako hajasikia neno hata moja kutoka kinywani mwako. Mpigie. Mwambie yamefutwa, mwambie hujui yatarudi lini, mwambie na unachotaka. Usimpambe wala usimlilie. Mwambie tu.

Shangazi yako,
Esteria


Arusha,
6 Julai 2020

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana, na sitauliza. Lakini ukirudia kunificha ugonjwa, nitakuja na basi na kukuangusha kama yule wa Moshi.

Nilipiga. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri, kila siku nasema kesho. Nikasema yote kwa mara moja, bila kupumua: baba, mashindano yamefutwa, nilikuficha, nisamehe, hakuna tarehe, huenda hata mwakani yasiwepo, na mimi nataka kubaki nicheze hata hivyo, na nikitaka kuolewa nitakwambia mwenyewe.

Nikasikia ng'ombe nyuma yake.

Halafu akauliza, "Unakula nini?"

Shangazi, hapo ndipo nilipolia. Mbele ya wachezaji wenzangu mashindano yalipofutwa sikulia, nikalia kwa hilo. Nikamwambia chapati. Akasema, "Chapati tu?" Nikasema na chai. Akakata simu bila kuaga, unamjua.

Jana kondakta amenipigia nikachukue mzigo stendi. Gunia la michembe ya viazi vitamu na unga wa mtama, limeshonwa mdomo na mkono wa mama. Hakuna karatasi ndani, nimetafuta. Nimempikia kocha michembe kwa karanga, akala akaniambia, "Kumbe huko kwenu kuna watu."

Sijui lile gunia ni jibu au ni chakula tu. Mazoezi yameanza tena. Tuko kumi na mmoja, wengine wamerudi makwao, wawili wameolewa. Sasa nikipasia nyuma kuna mtu wa kudaka. Tarehe ya mashindano hakuna. Kocha anasema tufanye kama ipo.

Nyamizi


Bariadi,
23 Agosti 2020

Mwanangu Nyamizi,

Mwadila! Na mimi nikusalimu kwa jina lile lisiloshindwa. Huku vumbi limechukua zamu ya mvua. Goti la mama yako limepata nafuu, nilimfunga kwa kitambaa cha barakoa zilizobaki, hakuna anayezinunua tena. Na nimeimba leo. Mama mchungaji amenigeukia katikati ya pambio na kunikonyeza, kanisani, mtu mzima yule.

Nimetoka Mwandoya juzi. Nilikwenda kusaidia kung'oa miti ya pamba, ingawa sehemu kubwa nilikaa na mama yako kivulini tukiwasema watu. Baba yako hakuniongelesha habari yako siku ya kwanza, wala ya pili. Nami sikumchokoza. Tuliongea ng'ombe, tukaongea bei, tukaongea marehemu baba yetu. Nikasema basi, hili nalo tumwachie Mungu.

Siku ya tatu tuko shambani, akapita Mzee Mboje na baiskeli kutoka Lalago. Ametumwa, ilionekana. Akasalimia vizuri, akauliza mavuno, akauliza mifugo, akauliza afya yangu, akazunguka weee, mwishowe akafika. "Maduhu, wenzako kule wanauliza. Bundala miaka inakwenda, na kuna binti mwingine ameonekana huko Sola. Wasubiri, au waende?"

Baba yako alikuwa anavuta mti wa pamba uliogoma kung'oka. Hakuuacha. Akasema, "Waende."

Mboje akashangaa. "Na yule wako?"

"Yule hayupo. Ana mashindano."

"Si ulisikia yamefutwa?"

"Nimesikia."

"Sasa mashindano gani, Maduhu? Lini?"

Ule mti ukang'oka, akautupa kwenye lundo, akapangusa mikono. Akamtazama yule mzee kama anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Mboje, hiyo si kazi yangu kujua. Mimi ni baba tu. Binti yangu ana mashindano."

Mboje akanigeukia mimi, maana anajua mimi si mtu wa uongo. Akangoja.

Nami, Nyamizi, nikainama nikaendelea kung'oa pamba.

Shangazi yako akupendaye,
Esteria